Meza moja, mgeni mmoja: shajara ya chakula chetu cha jioni

Wiki ya 1

Tumekaa watatu tukakubaliana. Kila baada ya wiki sita tutakula chakula cha jioni pamoja, watu wasiozidi ishirini, na kila mara tutaalika mgeni mmoja azungumzie jambo la kimataifa analolijua. Kila mtu atajilipia sahani yake. Mgeni halipi wala halipwi. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta wageni na kuandika shajara hii. Dada mhasibu anashika hesabu na orodha ya majina. Wa tatu wetu, ambaye hapendi mikutano ila anapenda meza ikipangwa vizuri, anashughulika na ukumbi na wapishi.

Ubishi umeanza hata kabla ya chai kupoa. Wenzangu wanataka tuanze na jina kubwa ili watu waje. Mimi naona jina kubwa huja na hotuba yake mfukoni. Tumepiga kura, nimeshindwa wawili kwa mmoja.

Nimesoma kidogo usiku. Wala hatujabuni kitu. Mwaka 1918, mjini New York, wanasheria na watu wa mabenki walikuwa na klabu yao ya kula na kusikiliza wageni, mwenyekiti wao akiwa Elihu Root, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Mwaka 1921 klabu hiyo ikaingia katika Council on Foreign Relations, taasisi ya Marekani ya kujadili mambo ya nje, ambayo ipo mpaka leo. Kwa hiyo kama mambo yatatuendea vizuri sana, baada ya miaka mitatu hatutakuwa klabu ya chakula tena. Dada mhasibu amesema tufikirie kwanza wiki sita.

Wiki ya 3

Barua nane zimekwenda, majibu matatu yamerudi, mawili ya kukataa. Nimesoma tena barua niliyoiandika na nikaona aibu. Aya nzima kuhusu "umuhimu wa mazungumzo katika dunia ya leo", na sikumwambia mtu atakaa na nani, atazungumza dakika ngapi, na ataruhusiwa kuondoka saa ngapi. Nimeiandika upya kwa mistari sita. Profesa mmoja amekubali. Mada: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kwa nini halibadiliki.

Wiki ya 5. Chakula cha kwanza

Waliokuja ni kumi na tisa. Meza ndefu, mgeni kichwani pa meza kama baba wa harusi.

Tulimwomba azungumze dakika ishirini, akazungumza hamsini na tano. Si kwamba alikosea, alikuwa anajua. Alieleza vizuri kwamba baraza lilianza na wajumbe 11, likapanuliwa hadi 15 mwaka 1965, na tangu hapo halijaguswa, kwa sababu kubadili Mkataba wa Umoja wa Mataifa kunahitaji theluthi mbili ya nchi zote wanachama, na kati ya hizo lazima wawemo wote watano wenye kura ya turufu. Yaani ufunguo wa mlango wamepewa wale wasiotaka mlango ufunguliwe. Lakini kufikia dakika ya arobaini nilikuwa simwangalii tena yeye, nawaangalia wahudumu waliosimama mlangoni na masinia, wanabadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, hawajui waingie au warudi jikoni.

Chakula kilipofika kilikuwa kimepoa. Maswali yakawa mawili. La kwanza halikuwa swali. Bwana mmoja alisimama, akajitambulisha kwa kirefu, akatupa maoni yake juu ya vita vitatu, akamalizia na "sijui profesa unasemaje." Profesa alisema anakubaliana naye.

Halafu likatokea lile ambalo ndilo ninaloandikia usiku huu. Tunaagana, profesa anapapasa mifuko akitafuta funguo za gari, binti mmoja aliyekuwa amekaa mwisho kabisa wa meza akamuuliza: hivi mwenye kura ya turufu akiamua tu asije kikaoni, inakuwaje? Profesa akaacha kutafuta funguo. Akatuhadithia habari ya 1950. Tangu Januari mwaka ule mjumbe wa Muungano wa Kisovieti alikuwa amesusia vikao, akidai kiti cha China wamekalia watu wasiostahili. Juni vita vya Korea vikaanza, baraza likakutana, kiti cha Wasovieti kitupu, na maazimio ya kuisaidia Korea Kusini yakapita bila mtu wa kuyazuia. Agosti wakarudi, lakini maji yalishamwagika. Alisimulia pale mlangoni, mkoba mkononi, dakika kumi. Tulikuwa watu saba tumemzunguka. Wale kumi na wawili wengine walishaondoka na hotuba.

Wiki ya 6

Tathmini. Wenzangu wamekiri, nami sikuwacheka, angalau si kwa sauti. Tumebadili haya: mgeni anazungumza dakika kumi na tano, tena kabla sahani kubwa haijaja, na anajua kwamba sahani ikiingia ndiyo kengele. Maswali yanaanza watu wakiwa wanakula, maana mtu mwenye kijiko mkononi hasimami kuhutubia. Swali lisizidi sentensi mbili. Mgeni anakaa katikati ya ubavu wa meza. Na idadi ishuke hadi kumi na wanne, pamoja na mgeni. Tulipokuwa kumi na tisa nilihesabu mazungumzo manne ya pembeni. Watu wa mwisho wa meza walikuwa na mkutano wao wenyewe, na nasikia ulikuwa mzuri.

Tumekubaliana pia kuwa na mtu wa kuandika kumbukumbu. Hili nimelisisitiza mimi. Juni 1790 Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwaalika nyumbani kwake Alexander Hamilton, waziri wa fedha, na James Madison, mbunge, wakala, na kwenye chakula kile wakapatana kwamba serikali kuu ichukue madeni ya majimbo na mji mkuu uhamie kando ya mto Potomac. Chakula kimoja, na ramani ikabadilika. Lakini yaliyosemwa mezani tunayajua hasa kwa maelezo ya Jefferson mwenyewe, aliyoyaandika baadaye, wakati alishaanza kuyajutia. Mwenyeji akiwa ndiye mwandishi pekee, hesabu yake ichukulieni kwa tahadhari. Shajara hii vilevile.

Wiki ya 11. Chakula cha pili

Safari hii nilishinda mimi: hatukualika cheo, tulialika mkalimani. Amefanya kazi miaka mingi kwenye mikutano ya kimataifa. Jambo la kwanza alilosema alipokaa ni kwamba amehudhuria dhifa nyingi za wakubwa na hajala hata moja. Mkalimani anawekwa kwenye kiti nyuma ya mabega ya wageni wawili, ananong'ona, na sahani zinapita mbele ya pua yake. Akatutazama, akatandaza leso mapajani, akasema leo nitasema kwa shibe.

Mengi aliyotuambia ni ya kazi yenyewe. Ndani ya kibanda cha ukalimani hukaa wawili, wanapokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu zaidi ya hapo akili inaanza kuteleza na mwenyewe hajui kwamba anateleza. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na vibanda vya Kiarabu na Kichina hukaa watu watatu, kwa kuwa wao hutafsiri kwenda na kurudi. Mkalimani husema "mimi". Mjumbe akisema nimekasirika, na mkalimani anasema nimekasirika, kwa sauti tulivu, akifikiria kitenzi kinachokuja.

Lakini meza ilishikwa na azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la Novemba 1967, baada ya vita vya siku sita kati ya Israeli na majirani zake Waarabu. Kwa Kiingereza azimio linataka majeshi ya Israeli yaondoke kutoka "territories" (maeneo) zilizotwaliwa, bila kile kineno "the" mbele yake. Kwa Kifaransa imeandikwa "des territoires", na Kifaransa hakina namna ya kukwepa: masikio ya wengi yanasikia maeneo yale, yaani yote. Zaidi ya nusu karne watu wanagombania kineno kimoja kisichokuwepo.

Mgeni akatugeukia: haya, nyinyi itafsirini. Kimya. Kisha mwalimu mmoja akasema, kwa Kiswahili ni "maeneo yaliyotwaliwa", basi. Akaulizwa, yote au baadhi? Akasema sijasema. Mwingine akadakia kwamba ukitaka yote lazima uongeze "yote", ukitaka baadhi lazima useme "baadhi ya". Ukiacha hivyo hivyo, kila mmoja anaondoka na lake. Mkalimani akacheka mpaka akaweka uma chini. Alisema ndivyo hasa walivyotaka waliolitunga kwa Kiingereza, ila Kiswahili kinafanya bila jasho kile ambacho wao walikifanya kwa wiki kadhaa za majadiliano. Hapo watu kumi na wanne walizungumza kwa wakati mmoja, na mwenyekiti, ambaye ni mimi, akasahau kuwa ni mwenyekiti.

Tuliondoka tumechelewa saa nzima. Wa ukumbi amekasirika. Ana haki.

Wiki ya 14

Mwanadiplomasia amekubali kuja, kwa sharti kwamba asinukuliwe. Tumeamua kutumia kanuni ya Chatham House, taasisi ya mambo ya kimataifa ya London, ambayo ni ya mwaka 1927 na imewahi kurekebishwa mara mbili. Wengi huiita "kanuni za" Chatham House, lakini ni moja tu: uliyoyasikia unaruhusiwa kuyatumia, ila usimtaje aliyeyasema, wala taasisi yake, wala nani mwingine alikuwepo. Watu hudhani maana yake ni siri. Siyo. Maneno yanatoka, jina linabaki. Nimeiandika kwenye kadi ndogo na kila sahani imewekewa kadi yake.

Wiki ya 17. Chakula cha tatu

Nusu ya kwanza ilikuwa kavu. Mheshimiwa alijibu kila swali kwa adabu na hatukupata kitu. Aliulizwa juu ya uchaguzi unaokuja katika nchi anakofanyia kazi, akatabasamu, akasema kifungu cha 41 cha Mkataba wa Vienna wa 1961 kinamkataza mwanadiplomasia kujiingiza katika mambo ya ndani ya nchi inayompokea, na kwamba hata tabasamu lake lisihesabiwe kuwa jibu.

Mambo yalibadilika alipoulizwa namna ubalozi unavyolalamika. Akatueleza ile barua ya kibalozi isiyo na saini, inayoandikwa kana kwamba ubalozi ni mtu: Ubalozi unatoa salamu zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje na una heshima ya kuieleza kwamba... Hapo katikati unaweza kukuta malalamiko makali kabisa, mtu kafukuzwa, gari limepigwa mawe. Halafu mwisho, Ubalozi unatumia fursa hii kuihakikishia tena Wizara heshima zake za juu kabisa. Alisema mzoefu hasomi katikati kwanza. Anasoma salamu. Salamu ikipunguzwa neno, au ikikosekana, huko ndiko kwenye hasira.

Nimeipenda kwa sababu ni jambo ambalo hata nyanya yangu angelielewa bila kupelekwa shule ya diplomasia. Mtu aliyekununia humjui kwa anayoyasema, unamjua kwa namna alivyokuamkia.

Wiki ya 18

Limetokea. Mmoja wetu alirusha kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili: "Jana nilikula na" fulani, cheo chake, nchi yake, na sentensi moja aliyoisema, ikiwa imekatwa mkia. Nilipigiwa simu kabla ya saa moja asubuhi. Sentensi yenyewe haikuwa na madhara, ila ilikuwa na jina.

Nilimpigia mgeni kabla hajasikia kwa wengine, nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akanishukuru kwa kumpigia mapema, akanitakia siku njema. Nimekumbuka somo la salamu. Hakusema "tutaonana tena".

Aliyevunja kanuni aliufuta ujumbe na kujitetea kwamba alidhani kanuni inahusu waandishi wa habari. Mwenzetu wa ukumbi alitaka tumwondoe. Mimi nilisema kosa ni letu pia: kadi tuliweka, lakini hakuna aliyeisoma kwa sauti, na kadi iliyo chini ya uma hugeuka pambo. Tumemsimamisha kwa vyakula viwili, na tangu sasa kanuni inasomwa kwa mdomo kabla ya mtu yeyote kukaa. Dada mhasibu ndiye atakayeisoma. Ana sauti ambayo haiombi.

Wiki ya 23. Chakula cha nne

Nahodha mstaafu wa meli za makontena. Niliogopa kwamba atatupa hadithi za bahari tu. Alifika na kipande cha kamba mfukoni, sijui kwa nini, hakukitumia.

Alichokitumia ni meza yetu. Alivuta leso mbili akaziweka sambamba, akaacha mwanya katikati, akasema huu ni Mfereji wa Suez, kilomita 193. Kisu cha samaki kikawa Ever Given, meli ya makontena ya mita 400. Akakisukuma polepole katikati ya leso, akatuonyesha kwamba meli kubwa ndani ya njia nyembamba huvutwa na ukingo, maji yanakimbia kati ya ubavu na mchanga na kuunyonya upande mmoja. Ongeza upepo: makontena yaliyopangwa juu vile ni tanga ambalo huwezi kulikunja. Tarehe 23 Machi 2021 pua ikachimba ukingo wa mashariki, mkia ukageukia magharibi. Akakilaza kisu mshazari juu ya leso zote mbili. Akaanza kupanga punje za chumvi nyuma yake, moja moja, hadi mtu akamwambia tumeelewa. Akasema, hapana, zilikuwa mamia, akaendelea.

Siku sita. Walichimba mchanga mita za ujazo elfu 30 hivi, wakaleta matishari ya kuvuta. Lakini kilichomalizia kazi, alisema, ni mwezi. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 28, maji yakaja bamvua, na tarehe 29 meli ikaelea. Serikali, kampuni na bima za dunia nzima zilikuwa zinasubiri bamvua, kama mvuvi yeyote.

Kisha akauliza: meli hii ni ya nani? Tukabahatisha. Mwenye mali Mjapani. Aliyeikodi na kuiendesha, kampuni ya Taiwan. Bendera ya Panama. Usimamizi wa kiufundi, kampuni ya Kijerumani. Mabaharia 25, wote Wahindi. Na ilipokwamuliwa, Misri iliizuia mpaka Julai ikidai fidia, na waliokaa ndani yake ni hao mabaharia. Alisema katika miaka yake yote baharini hajawahi kumwona mwenye meli, bendera tu na mshahara.

Swali la mwisho lilihusu Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yaliyoanza Novemba 2023. Alieleza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, siku kumi zaidi au hata mbili tatu juu yake, mafuta zaidi, lakini sauti yake ilibadilika alipofika kwa watu. Baharia haulizwi kama vita hivyo ni vyake.

(Pembeni: alisema "rubani" akimaanisha yule anayepanda melini kuiongoza mferejini, na vijana wawili wakadhani kaleta ndege kwenye hadithi. Rubani alikuwa wa majini kwanza.)

Wiki ya 29. Chakula cha tano

Saa nane mchana mgeni akatuma ujumbe: hatakuja, amezuiwa kazini. Chakula kimeshaagizwa. Mwenzetu wa ukumbi alishauri tuahirishe. Nilikumbuka kiti kitupu cha 1950, nikasema kiti chake kibaki, na sahani iwekwe.

Nilikata vikaratasi kumi na vitatu. Kila kimoja kina jina la nchi na namna ilivyopiga kura kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Machi 2022, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Jumla: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 hazikuegemea upande wowote, na 12 hazikupiga kura kabisa. Kazi: chota karatasi, itetee kura ya nchi hiyo kwa dakika mbili, upende usipende.

Aliyechota Kenya alikuwa na kazi rahisi, ndiyo. Aliyechota Tanzania, ambayo haikuegemea upande, alitetea vizuri kuliko nilivyotarajia: alianza na siasa ya kutofungamana, akaja kwenye ngano na mbolea, akamaliza kwa kusema kwamba anayekaa kimya leo anaweza kuitwa kupatanisha kesho. Jirani yake, Uganda, alisema ameshamalizwa maneno. Mwenye Eritrea, mmoja wa wale watano waliosema hapana, aliomba maji.

Kilichotushangaza ni wale 12. Binti aliyemuuliza profesa mlangoni ndiye aliyechota Ethiopia, ambayo haikupiga kura. Alisimama, akatazama kiti cha mgeni, akakaa bila kusema neno kwa dakika zake mbili zote. Ilikuwa ngumu kuvumilia. Mtu aliyefuata alikuwa na Venezuela, akasema msinilinganishe naye, mimi sikunyamaza, nilinyamazishwa: chini ya kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, nchi yenye malimbikizo ya ada ya miaka miwili hupoteza kura. Dada mhasibu alipiga meza kwa furaha. Sasa anataka kifungu cha 19 kiingizwe kwenye kanuni zetu.

Hakuna chakula kilichokuwa kizuri kama hiki, na hakikuwa na mgeni. Sijui niwaambieje wenzangu, maana kazi yangu hapa ni kutafuta wageni.

Wiki ya 31

Hesabu zimelingana, isipokuwa sahani moja ya wiki ya 29 ambayo haina wa kuilipa. Orodha ya wanaosubiri nafasi ina watu tisa. Aliyesimamishwa anarudi mara ijayo na ameniomba asome kanuni yeye. Dada mhasibu anafikiria.

Mgeni aliyekosa ameandika. Amesikia habari za vikaratasi, hakusema kwa nani, na tumechunguza hakuna jina lililotajwa. Anaomba kuja, ila si kuzungumza. Anataka achote karatasi kama wengine. Nimempelekea dada mhasibu barua hiyo, akanijibu kwa mstari mmoja: asiyezungumza analipa, na aje na ya sahani ya kwanza.